Mali ya Mtunzi na Alama ya Mfanyabiashara

Anayetaka kuijua tofauti baina ya hakimiliki na alama ya biashara, na aitandaze kanga na kuitazama. Mchoro wa mji na pindo ni kazi ya msanii aliyeubuni. Huo hulindwa na hakimiliki. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji, mara nyingi ni methali ya wahenga, nayo haina mwenyewe mmoja. Lakini katika kanga mashuhuri za Mombasa huonekana pia maneno «Mali ya Abdulla». Hayo si methali wala pambo. Ni alama ya biashara, inayomjulisha mnunuzi kitambaa kimetoka kwa nani.

Kwa hiyo, hakimiliki huitazama kazi, na alama huitazama asili ya bidhaa. Hakimiliki huzaliwa pamoja na utungo wenyewe, bila kusajiliwa, nayo ina kikomo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Alama husajiliwa kwa aina fulani ya bidhaa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1986 iliipa miaka 7 ya kwanza, kisha miaka 10 kila inapohuishwa. Basi yaweza kuishi bila ukomo.

Kutotenganisha mambo haya kulidhihirika mwaka 2018, ilipovuma habari kwamba kampuni ya Disney ilikuwa imesajili Marekani maneno «Hakuna Matata» kuwa alama ya fulana. Ombi lilikuwa limepelekwa mwaka 1994, mwaka wa filamu ya The Lion King, na usajili ukatolewa mwaka 2003. Wengi walilalamika kwamba Kiswahili kimeibwa na kwamba sasa tutalipia kusema. Sivyo. Usajili ule haukumfunga mtu mdomo, wala haukuifanya Disney kuwa mtunzi wa maneno hayo. Tayari mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ilikuwa imeyaimba katika wimbo wa Jambo Bwana. Wimbo huo ni utungo wenye hakimiliki. Usemi uliomo ndani yake ulikuwa vinywani mwa watu kabla ya bendi na kabla ya filamu.

Hata hivyo, waliosema kwamba hapana dhara lolote nao walikosea. Alama huwa na haki pale inapomtofautisha mfanyabiashara na wenzake. Maneno ya kawaida ya umma yanapofanywa uzio wa soko, mshona fulana anayezungumza lugha hiyo aweza kuzuiwa kuiuza lugha yake katika soko la wengine, naye aliyejenga uzio hakuongeza hata silabi moja. Sheria hapo yaweza kuwa imefuatwa, na uungwana ukawa umevunjwa.

Walimu wa Kiswahili wana wajibu hapa. Mwanafunzi anapochambua shairi, na afundishwe kuuliza: kipi ni cha mtunzi huyu, na kipi amekichota katika kisima cha wote? Ajuaye kuitenga mizani na taswira ya mshairi na methali ya taifa hatadanganyika na alama ya fulana. Tena atajua kudai: utungo wake kwa jina lake, na lugha kwa jina la wote.