Mwanasesere wa Matambara na Wasomaji Wake

Tarehe 7 Septemba 1915 serikali ya Marekani ilimpa Johnny Gruelle, mchoraji wa magazeti, hataza ya umbo la mwanasesere wa matambara. Mwanasesere huyo aliitwa Raggedy Ann. Mwaka 1918 kampuni ya P. F. Volland ya Chicago ilipiga chapa kitabu cha hadithi zake, na kampuni hiyo hiyo ikawauza na wanasesere wenyewe. Kitabu na kitambaa vilitoka mlango mmoja. Kwa hiyo watu wanaowakusanya wanasesere hawa ni wasomaji pia, na ni kwa usomaji wao ninapenda kuwapima hapa.

Usomaji huo wastahili heshima. Mkusanyaji mzoefu apewapo mwanasesere asiyejulikana atokako, humgeuza polepole. Akiona tarehe ya hataza imepigwa muhuri kiwiliwilini, macho ni vifungo vya viatu, na akipapasa kifua akahisi moyo mgumu ndani ya pamba, humtaja Volland. Akikuta kitambaa kidogo cha jina kwenye mshono, na pua imezungushiwa mstari mweusi, humtaja Georgene, kampuni iliyowashona tangu 1938 hata 1962, na humweka katika miaka yake ya mwanzo. Baada yao walikuja Knickerbocker, 1963. Hakuna tofauti kubwa baina ya kazi hii na ya mhakiki wa miswada. Waliopata kulinganisha nakala za Al-Inkishafi wajua jinsi karatasi, mkono wa mnakili na namna ya kuendeleza maneno vinavyoweza kutoa ushahidi ambao beti zenyewe hazitoi.

Msamiati wao nao si wa kupuuzwa. Kwao jina la mtengenezaji limekuwa jina la kitu: mtu husema ana Volland moja na Georgene mbili, nasi twamwelewa, kwani kwetu pwani kitambaa kilicholetwa na Wamarekani kiliitwa amerikani, na jina likabaki baada ya merikebu zao kwenda. (Sarufi yetu, nami naliona hili kuwa bahati njema, yampa mwanasesere upatanisho wa wenye uhai: ameanguka, amelala. Gruelle, ambaye katika hadithi zake wanasesere huamka watu watokapo chumbani, angefurahi kulijua.)

Lakini wasomaji hawa, walio wakali mbele ya mshono, huwa wapole mno mbele ya hekaya. Yasimuliwa kwamba Gruelle alimbuni Raggedy Ann kwa majonzi, awe ukumbusho wa binti yake Marcella, aliyefariki Novemba 1915 akiwa na umri wa miaka 13, baada ya kuchanjwa ndui shuleni. Tarehe zakataa. Ombi la hataza lilipelekwa tarehe 28 Mei 1915, binti angali hai, na hataza ikatolewa miezi miwili kabla ya msiba. Mtunzi wa maisha ya Gruelle, Patricia Hall, aliyetoa kitabu chake mwaka 1993, ametenga vizuri habari na hekaya. Hata hivyo hekaya yaendelea, na leo imepata kazi nyingine: wapinzani wa chanjo wamemfanya mwanasesere huyu alama yao, wakidai kwamba viungo vyake vilivyolegea ni mfano wa mwili wa mtoto mgonjwa. Viungo hivyo vimelegea kwa sababu ni matambara yaliyotiwa pamba. Mkusanyaji awezaye kutenga mwaka na mwaka kwa kuitazama pua hana udhuru wa kuirudia hadithi inayovunjwa na tarehe iliyopigwa muhuri juu ya mwanasesere wake mwenyewe.

Huzuni ya Gruelle ni ya kweli, nayo imo kitabuni, kwani mtoto wa hadithi zile aitwa Marcella. Twaihitaji hekaya kwa nini?

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo lahusu ukarabati. Katika orodha za kuuzia, sifa kuu ya mwanasesere ni kwamba hajaguswa: nywele zake za kwanza, nguo zake za kwanza, hajafuliwa. Tukifungua kitabu twaona nini? Mtoto amkuta mwanasesere darini kwa bibi yake, jicho moja halipo, na jambo la kwanza afanyalo bibi ni kushona kifungo kingine. Katika hadithi nyingine aanguka majini. Pamba iliyolowa yatolewa, atiwa pamba mpya, na humo washonewa moyo wa peremende. Moyo huo, ambao baadaye ulichorwa kifuani mwa maelfu ya wanasesere pamoja na maneno ya mapenzi, kitabuni ni kazi ya ukarabati. Kwa hiyo asili waitafutayo wakusanyaji, kitabu chenyewe hakikuijali.

Soko nalo lina mizani yake ya ajabu. Kati ya 1935 na 1938 kampuni ya Molly-'es iliwashona wanasesere hawa bila idhini. Gruelle alishtaki, na mwaka 1937 mahakama ya rufani ikampa haki. Alifariki Januari 1938. Wanasesere waliohukumiwa hivyo sasa hutafutwa sana kwa kuwa ni adimu.

Mji wa Arcola, Illinois, alikozaliwa Gruelle, ulikuwa na makumbusho yake tangu 1999 hata 2009. Yalipofungwa, vitu vyake vilikwenda makumbusho ya The Strong, Rochester. Mwanasesere akaaye nyuma ya kioo hashonwi tena, na hilo laeleweka. Kwa walio mikononi mwa watu, mimi ningetaka kila rekebisho liandikwe kama tuandikavyo pambizoni mwa mswada: ni nani aliyebadili kifungo, mwaka gani, kwa uzi gani. Na kifungo cha zamani, kikipatikana, kitiwe bahashani kikae naye.