Ufundi wa Kutazama Mtaa

Ukitaka kuijua Sinza ya Dar es Salaam, achana na bajaji na daladala, uende kwa miguu saa kumi na moja jioni, jua likishalegea. Uende mwendo wa mtu asiyesubiriwa popote. Ingia mitaa ya ndani, maana barabara kubwa imejaa maduka na baa, na bustani ziko huko nyuma.

Viwanja vya Sinza na vya jirani yake Kijitonyama vilipimwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, navyo vikawa vidogo. Leo vingi vimejengwa ukuta kwa ukuta. Hata hivyo watu wamepanda. Wamepanda kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini, kwenye madumu yaliyopasuliwa ubavuni, kwenye matairi yaliyochongwa kwa kisu kikali kisha yakapinduliwa, ndani kukawa nje. Mchaichai uko pale maji ya bafuni yanapotokea. Matembele yanatambaa ukingoni mwa mtaro. Mpangaji wa chumba kimoja, asiyeruhusiwa kuchimba hata shimo kwenye ua wa mwenye nyumba, ana mrehani wake kwenye kopo la maziwa pale mlangoni, na siku akihama atauhamisha pamoja na godoro.

Kuyaona haya ni ufundi, na mimi nauheshimu sawa na ususi wa mikeka. Unajifunzwa, na wasio nao hupita hapohapo kila siku wakaona majani tu. Walimu wake wakubwa ni wauza miche, wale wanaopanga viriba vyao kandokando ya barabara na kumwagilia asubuhi na jioni. Muulize mmoja wao kwa adabu, hata kama hununui, naye atakuonyesha upi unataka kivuli na upi ukizidishiwa maji unaoza mizizi. Kwao utajifunza pia kuutambua mpapai dume, ambao maua yake huning'inia kwenye vikonyo virefu, na mpapai jike, ambao maua yake hukaa karibu na shina. Baada ya hapo hutaweza tena kuupita mpapai bila kuinua macho.

Kisha kuna kurudi. Aliyepita mara moja ameona kidogo sana. Mkungu ulioutazama ukiwa kijani kitupu utaukuta majani yake yamegeuka mekundu kabla ya kupukutika, na chini yake makungu yaliyoguguniwa na popo usiku. Mkrismasi, mti uliotoka Madagaska, hukaa miezi mingi bila kumshughulisha mtu, halafu ikifika Novemba na Desemba unawaka mtaa mzima. Na kuna kuinama. Wengi wanaosifia ua la boganvilia wanasifia majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati, na usiposogea hulioni.

Mimea husema pia habari za watu. Ukiona safu ya masale mpakani mwa kiwanja, na nyuma yake migomba inayolishwa samadi ingawa jua la Pwani linaionea, unaweza kukisia kwamba mwenyeji katoka Kilimanjaro. Kwa Wachaga isale huonyesha mpaka, na hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Pale mwasumini ulipopandishwa mpaka dirishani, huenda ndani yupo mama wa Pwani au wa Visiwani anayejua kufunga kikuba. Makisio hayo hukosea mara nyingine, lakini yanakupa sababu ya kumsalimu mtu ambaye ungempita kimya.

Nitasimama zaidi kwenye kaua kamoja. Kanaota kwenye nyufa za kuta na kandokando ya ngazi bila kupandwa na mtu. Petali tano, za rangi ya waridi au nyeupe, na kadoa katikati. Asili yake ni Madagaska, na wataalamu wanakaita Catharanthus roseus. Huko Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake kama chai ya kutibu kisukari, na katika miaka ya 1950 majani hayo yalifika Kanada kuchunguzwa. Sukari ya wanyama wa maabara haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Watafiti Robert Noble na Charles Beer hawakuipuuza ajabu hiyo, na mwaka 1958 walitangaza kwamba wameipata vinblastini, dawa ya saratani. Kutoka mmea huohuo ikapatikana vinkristini, ambayo hadi leo hutumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Usikachume ukanywe, kwa sababu mmea wenyewe ni sumu. Lakini ukikaona kamechomoza kwenye ufa wa ukuta wa gereji, ukijua kuna watoto waliopona kwa sababu yake, hutakang'oa kama gugu.

Ufundi huu una adabu yake. Huchungulii watu ndani, na hukati ua la mtu kwa juu ya uzio. Unabisha.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama. Nimelipenda hili ua lako, naomba pingili."

"Marahaba, mwanangu. Chukua, lakini ukaliweke kivulini kwanza, usilichome na jua."

Bustani nyingi za mtaani zimetokana na maombi kama hayo, pingili ikitoka nyumba hii kwenda ile. Nyumba mbili ambazo hazijawahi kualikana harusini zinaweza kuwa na ua la shina moja.

Kinachonisikitisha ni pevingi. Ua baada ya ua unafunikwa kwa vitofali vya saruji kutoka ukuta hadi ukuta, na mwembe uliokuwa ukiwapa watu kivuli unakatwa kwa kosa la kudondosha majani. Mchana saruji inachemka. Masika yakija, maji yanakosa udongo wa kuyanywa, yanamiminika barabarani na kuingia kwa jirani wa chini. Usafi wa namna hiyo ni hasara. Wewe mwenye kiwanja, kabla fundi hajamaliza kupanga pevingi zako, mwambie aache nafasi ya mti mmoja.