Kezilahabi hakuukana usawa

KUNA dai linalojirudia kila mwaka katika kazi za wanafunzi wangu: ati Euphrase Kezilahabi aliandika 'Dunia Uwanja wa Fujo' (1975) ili kuupinga Ujamaa. Sikubaliani nalo.

Azimio la Arusha lilitolewa mwaka 1967, miaka sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Liliahidi kwamba mtu hatamnyonya mwenzake. Katika riwaya hii, Tumaini ana shamba kubwa linalolimwa na vibarua. Siasa ya Ujamaa inapolifikia, anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Wahakiki wanaomwona Tumaini kuwa shujaa huwasahau wale vibarua. Je, wao uhuru uliwaletea nini?

Hata hivyo, mwandishi haipi serikali ushindi. Uamuzi hutoka juu. Raia huarifiwa tu, haulizwi. Suala hilo analirudia katika 'Gamba la Nyoka' (1979), ambamo wanakijiji wanashurutishwa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Usawa unaoletwa kwa mtutu wa bunduki una tofauti gani na amri ya mkoloni?

Kwa maoni yangu, anachokihoji Kezilahabi ni njia, wala si lengo. Tukimsoma kama adui wa Ujamaa basi, tunampunja. Tena tunawapa matajiri wa leo kisingizio cha kusema kwamba usawa wenyewe ni ndoto. Riwaya hizi hazisemi hivyo. Zinauliza: mbona mwananchi hakuulizwa?