Mita Chache za Mwisho: Vumbi la Makaa Linavyofika Baharini

Aliyeko Ibaba, juu kwenye milima ya Ileje, anaweza kudhani bahari haimhusu. Lakini wilaya yake ndiyo yenye mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira-Kabulo, na makaa ya ukanda huu wa kusini, hasa ya Ngaka kule Mbinga, yamepakiwa kwa wingi bandarini Mtwara tangu 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani. Reli ya kufika Mtwara haipo, hivyo safari yote ni ya malori. Mimi naangalia mita chache za mwisho, kati ya gati na tumbo la meli.

Makaa yanapomwagwa, vipande hugongana na kuvunjika, na hewa iliyokuwa katikati yake hufukuzwa ikibeba chembe laini. Kimo ndicho huamua. Ndoo ya kreni ikifunguliwa mita 10 juu, makaa hutua kwa kasi ya mita 14 hivi kwa sekunde. Ikishushwa hadi mita 2, kasi haizidi 6 na ushee, na nishati ya mgongano hubaki moja ya tano. Tofauti hiyo haihitaji mtambo mpya. Inahitaji mwendesha kreni asiyeharakishwa, kwa sababu kila mita ya kushusha ndoo ni muda, na muda wa meli gatini ni fedha.

Ndoo isiyofunga sawasawa nayo hudondosha shehena majini inapovuka pengo kati ya gati na meli. Kisha kuna mvua, ambayo wengi huisahau: lundo lisilofunikwa na sakafu isiyofagiwa hugeuka tope jeusi, na mtaro usio na bwawa la kutuamisha hulipeleka lote baharini. Kumwagia lundo maji hutuliza vumbi, lakini bila bwawa hilo uchafu umehamishwa tu kutoka hewani kwenda mtaroni.

Majini madhara yamepimwa. Katika jaribio la Australia lililochapishwa 2016, matumbawe yaliyowekwa kwenye maji yenye vumbi jingi zaidi la makaa yalianza kufa ndani ya wiki mbili. Samaki na nyasi bahari walidumaa. Nyasi iliyotumika, *Halodule uninervis*, huota pia pwani yetu.

Njia bora tunaijua, maana jirani yetu Kenya ameitumia. Kuanzia 2014 hadi mgodi wa Kwale ulipofungwa mwishoni mwa 2024, kampuni ya Base Titanium ilihifadhi madini yake ndani ya ghala lenye paa huko Likoni, Mombasa, na kuyapeleka melini kwa mkanda katika gati lake maalumu. Ni kweli madini yale ni mchanga mzito, usiopeperuka kama makaa. Hiyo ni sababu ya makaa kuhitaji ulinzi zaidi, si pungufu.

Serikali imeamua kujenga bandari ya mizigo michafu Kisiwa Mgao, mkoani Mtwara, ili makaa na saruji vitengane na korosho zinazopakiwa bandari ya Mtwara. Uamuzi huo ni sahihi kwa korosho. Kwa bahari bado hautoshi, kwa kuwa Mgao nako kuna wavuvi na nyasi bahari. Mamlaka ya Bandari na baraza la mazingira, NEMC, wahakikishe mkanda uliofunikwa, bomba la kushushia linalofika ndani ya tumbo la meli na mabwawa ya kutuamisha vinafanya kazi kabla meli ya kwanza haijafunga kamba.