Enjolras Hakupaswa Kuletwa kwa Mkokoteni

Mkokoteni ule ni kosa, na nalisema mapema. Mliotazama toleo la ziara la tamthilia ya muziki Les Misérables, lililoanzia Cardiff Desemba 2009 na kufika hadi Dubai Opera mwaka 2016, mnaijua dakika ninayoizungumzia. Kizuizi kimeanguka, wanafunzi wamekwisha, na maiti ya Enjolras, kiongozi wao, inapitishwa juu ya mkokoteni pamoja na ya mtoto Gavroche. Inaonekana, inapita, inatoka.

Rudini sasa kwenye onyesho la 1985 la Trevor Nunn na John Caird, jukwaa likiwa la John Napier na taa za David Hersey. Bunduki zinanyamaza. Hakuna anayeimba. Kizuizi kizima kinaanza kuzunguka, na upande ambao hatukuwahi kuuona unajileta wenyewe mbele yetu. Hapo ndipo tunapomkuta Enjolras, kichwa chini, mikono imetawanyika, bendera nyekundu chini yake.

Tazameni kazi ya taa pale. Taa zimetulia, kinachozunguka ni kizuizi. Upande uliokuwa gizani unaingia kwenye mwanga bila mtu kugusa meza ya taa. Kila mguu wa kiti na kila ubao unatupa kivuli, na vivuli hivyo vinatembea sakafuni kwa kasi ileile ya jukwaa. Mwili unafunuliwa, unakaa machoni petu, kisha unarudishwa ulikotoka, vyote kwa mwendo mmoja wa mota. Kyu kumi, yaani amri za kubadili taa, zilizopangwa kwa ustadi haziwezi kuifikia hali hiyo, kwa sababu jicho linajua tofauti kati ya taa iliyohama na kitu kilichohama.

Kuna jambo zito zaidi. Jukwaa linapozunguka, mtazamaji ndiye anayeigundua maiti. Anatafuta kati ya mbao na magurudumu, anaona bendera, anaona mkono, ndipo anaelewa. Mkokoteni unamnyang'anya kazi hiyo. Unamletea mwili umekwisha kupangwa, na taa inabaki na jukumu moja la kumwambia aangalie huku. Mwenye macho haambiwi tazama. Hersey aliliamini jicho la mtazamaji, ziara haikuliamini.

Taa za toleo hilo jipya ni za Paule Constable, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwa kuwa sioni msanifu wa taa wa kizazi chake anayemzidi. Alikomaa katika ziara. Alikuwa na kundi la Complicite katika The Street of Crocodiles ya 1992, ile ambayo muigizaji anashuka ukutani kwa miguu, kisha katika The Three Lives of Lucie Cabrol ya 1994. Kundi lile lilijenga dunia nzima kwa miili ya waigizaji na mbao chache, na taa za Constable zilijua kusubiri mwili usogee. War Horse ilimpa tuzo ya Tony mwaka 2011, akiwamulika farasi-vikaragosi wa kundi la Handspring la Cape Town hadi tukasahau kuwa ndani yao mna watu. The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ikampa nyingine mwaka 2015, kwa haki.

Mtu wa namna hiyo anafahamu kwamba mwanga hauna thamani mpaka upate kitu cha kupiga. Alipoletewa Les Misérables isiyo na jukwaa la kuzunguka, alipaswa kupiga meza. Uamuzi ulikuwa wa mzalishaji Cameron Mackintosh na waongozaji Laurence Connor na James Powell, lakini jina la Constable limo kwenye bango, na bango halina maelezo ya chini.

Mahali pa mota pakawekwa picha za projekta, zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, mwandishi wa riwaya. Michoro ni mizuri, na safari ya mhusika mkuu Valjean ndani ya mifereji ya maji taka imepata kina. Lakini projekta ina bei yake. Mwanga wowote unaodunda kutoka sakafuni na kuangukia skrini unaififisha picha, kwa hiyo msanifu wa taa analazimika kuzikwepa pembe za mbele na kuwamulika watu kutoka pembeni na juu. Constable anaifanya kazi hiyo vizuri mno. Hata hivyo, anafanya kazi akiwa amefungwa mkono mmoja na mashine ya mtu mwingine.

Tuliambiwa sababu ni ziara: jukwaa la kuzunguka ni zito, ni ghali, linachukua muda kufunga. Hoja hiyo haisimami. Ziara ya tatu ya Marekani ilizunguka na onyesho la Napier tangu 1988 hadi 2006, mji baada ya mji, jukwaa likizunguka. Halafu, mwaka 2019, onyesho la asili likafungwa London na toleo la ziara likawekwa mahali pake, katika ukumbi uliopewa jina la mtunzi Sondheim. Ukumbi ule hausafiri. Haupakiwi kwenye lori Jumapili usiku. Kilichoanza kama kubana mizigo kikageuka kuwa ladha, na nimeonya katika safu hii zaidi ya mara moja kwamba mzalishaji akishaanza kumpunguza seremala, hamrudishi tena.

Onyo jingine la zamani nalirudia: taa za LED bado hazijui kufa. Taa ya waya ikipunguzwa inaelekea wekundu, kama ngozi inavyoiva jioni, na vifo vya Les Misérables vilipangwa juu ya wekundu huo. Tunapewa programu za kuigiza hali ambayo waya uliifanya bure.

Msanifu wa taa Jean Rosenthal angeyakataa haya yote. Mwaka 1937, katika Julius Caesar ya Orson Welles, tamthilia ileile aliyotuwekea Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili, alipewa ukuta wa matofali mtupu na majukwaa ya mbao. Akapiga taa kutoka chini kwenda juu, na mamlaka ya Kaizari yakaonekana hewani. Kwa mcheza ngoma Martha Graham alitumia mwale mmoja wa mshazari, ule ulioitwa kidole cha Mungu, na Rosenthal alifanya naye kazi hadi yeye Rosenthal alipofariki mwaka 1969. Rosenthal hakuhitaji picha ya ukuta. Alihitaji ukuta, na mcheza ngoma anayepita mbele yake.

Kwa hiyo dai langu liko wazi. Ziara ijayo ya Les Misérables ibebe jukwaa la kuzunguka, na gharama yake itolewe kwenye projekta. Mrudisheni Constable kwenye meza ya taa, mpeni kizuizi kinachogeuka, kisha mwondoleeni skrini iliyo nyuma ya kizuizi hicho. Na akiombwa tena kumulika mkokoteni, asikubali.