Namna ya Kulitambua Jiko Jema la Mbegu za Mbono

Mbono, mti ambao wengine huuita mbono kaburi kwa kuwa aghalabu hupandwa pembezoni mwa makaburi, ulitoka Amerika ya Kati, ukaenezwa katika Afrika na mabaharia wa Kireno, na kwa muda mrefu haukuthaminiwa ila kuwa ua wa boma, maana mbuzi na ng'ombe huupita bila ya kuugusa. Huko Engaruka, wilayani Monduli, na katika vijiji vingine vingi vya Tanzania, mbegu zake nyeusi zilikuwa zikianguka na kuoza chini ya ua, ilhali kila mbegu ina mafuta yapatayo thuluthi moja ya uzito wake. Mafundi waliofikiri kuzitumia mbegu hizo mahali pa kuni walifikiri jambo jema sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Na mama anayepika juu ya mafiga katika nyumba yenye dirisha moja hahitaji kusomewa hesabu hiyo ili aamini.

Lakini wema wa fikira si wema wa kila jiko. Jiko la mbegu likitengenezwa vibaya hutoa moshi mzito na wenye harufu kali kushinda ule wa kuni, kwa sababu mafuta yaliyomo katika mbegu, yakikosa hewa, hayaungui bali hufuka. Na maadamu Serikali ya Tanzania, katika mkakati wake wa mwaka 2024, imeazimia asilimia 80 ya wananchi wawe wakitumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, majiko ya kila namna yataletwa masokoni, mema na mabaya, yote yamepakwa rangi moja. Yafaa mnunuzi ajue pa kutazama.

Asili ya ustadi wenyewe ni hii. Mbegu hujazwa katika kopo la ndani na kuwashwa juu, si chini. Moto hushuka polepole ukizichoma mbegu kwa hewa kidogo inayopenya kutoka chini, na mbegu hizo hutoa gesi. Gesi hupanda, nayo inapofika karibu na mdomo wa kopo hukutana na hewa ya pili inayoingia kwa safu ya matundu, ndipo inapowaka. Thomas Reed wa Marekani na Paal Wendelbo wa Norwe, kila mmoja kwa njia yake, waliizua kanuni hii katika miaka ya 1980, na Wendelbo alifanya kazi ya majiko yake Uganda. Basi jiko hili lina hewa mbili, na ufundi wote, tangu kukata bati hadi kupiga ribiti ya mwisho, ni kuzigawanya hewa hizo kwa insafu: ya chini iwe haba, ya juu iwe tele.

Kwa hiyo ukilishika jiko usianze na rangi yake. Lipindue, uchungulie ndani. Matundu ya juu yawe mengi, sawasawa, yenye kingo safi; tundu lililotobolewa kwa msumari likaacha meno ya bati huvuruga hewa na huwa mwanzo wa kutu. Kati ya kopo la ndani na ganda la nje kuwe na nafasi ya kupita kidole, maana ndiyo njia ya hewa ya pili, na njia ikiwa finyu matundu hata mia hayafai kitu. Kisha tazama mishono. Mshono uliokunjwa na kupigwa ribiti hudumu. Uliounganishwa kwa lehemu utaachia siku za mwanzo tu, kwa kuwa lehemu huyeyuka kwa joto hilo. Mwisho weka sufuria juu yake, ushike mwiko, ufanye kama unayesonga ugali kwa nguvu zako zote: jiko lisilostahimili kusonga halina haki ya kuingia katika nyumba yenye watoto.

Haya yote ni dalili. Ushahidi ni ndimi za moto. Mwombe fundi aliwashe mbele yako, kwa mbegu zako wala si zake. Kitambo kidogo cha mwanzo moshi utatoka, wala hilo halina lawama. Baadaye moto sharti uziache mbegu na kuhamia kwenye matundu, kila tundu likiwa na ulimi wake ulioinama kuelekea katikati. Hapo ndipo macho ya mjuzi hutulia. Ukiona badala yake mwali mmoja mrefu, wa manjano, wenye ncha nyeusi inayochezacheza, hewa ya juu imepungua, na hakuna maneno ya fundi yatakayoiongeza. Funga nusu mlango wa hewa ya chini: katika jiko jema moto hupungua bila ya kufuka. Kisha injika sufuria safi hadi maji yachemke, upitishe kidole chini yake ikishapoa. Vumbi jembamba la kahawia linasameheka, masizi meusi laini hayasameheki.

Mbegu nazo zina daraja. Zilizo bora ni nzito, nyeusi, zilizochumwa matunda yakiwa yamekomaa na kukaushwa vyema. Vunja chache kwa jiwe, na kiini kiwe cheupe, kimejaa, hakina ukungu. Usizijaribu kwa meno kabisa, kwani ni sumu. Zisihifadhiwe karibu na karanga wala kutwangwa katika kinu cha chakula.

Moto ukiisha, kopo hubaki na mkaa unaofuka moshi mweupe. Jiko kamili huja na kifuniko chake cha kuuzima, na mkaa huo hutumika tena. Na kabla ya kutoa fedha, muulize fundi bei ya kopo la ndani peke yake, kwa kuwa ndilo linaloungua kwanza, na umwambie alitoe na kulirudisha mbele ya macho yako.