Vipimo kwa Wino, Bei kwa Penseli

Kuna mama mmoja wa Kalima, mkoani Maniema, Kongo, ambaye nimemwona akiihesabu nyumba wakati kiwanja bado ni majani. Alifika na daftari kwapani, akavuta mita pamoja na kijana wa fundi, akauliza maji hupita wapi mvua ikinyesha, akainama akaufinyanga udongo mkononi. Kisha akaketi, akaandika kimya. Mwenye kiwanja alikuwa na haraka. "Mama, nitajie tu ni dola ngapi." Akamjibu kwa upole: "Baba, dola zitakuja mwisho. Kwanza tujue unajenga nini."

Katika daftari lile urefu, upana, kimo na idadi vimeandikwa kwa wino. Safu ya bei peke yake imeandikwa kwa penseli. Desturi hiyo ina historia, na historia yenyewe ni ya nchi nzima. Mama alianza kazi katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu, fedha zilipokuwa zinaoza mikononi mwa watu. Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Haikupita miaka mitano, Juni 1998, ikaja faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Bei iliyoandikwa asubuhi ilikuwa imekwisha kufa kabla jua halijatua, na mtu aliyeshika devi, yaani makadirio ya gharama, ya mwezi uliopita alikuwa ameshika karatasi tu.

Lakini ukuta wa mita 4 kwa 3 ulibaki mita 12 za mraba, Mobutu awepo asiwepo. Hilo ndilo alilolishika. Kile ambacho hakuna serikali inayoweza kukibadilisha alikiandika kwa wino, na kile kinachobadilika sokoni alikiandika kwa penseli, akakifuta na kukiandika upya bila kugusa kingine. Mjane aliyekusanya mifuko ya simenti mmoja mmoja kwa miaka mitatu aliweza kurudi kwake, na daftari lingemwambia bila kusita: umefika hapa, bado hiki na hiki. Sijui heshima kubwa zaidi anayoweza kupewa mtu maskini kuliko kuambiwa ukweli kuhusu nyumba yake kabla hajaanza kuijenga.

Wapo wanaodhani kazi hii ni kuzidisha na kujumlisha. Zege la nguzo lenye simenti kilo 350 kwa mita ya ujazo linataka mifuko 7 ya kilo 50 kwa kila mita hiyo. Hilo lipo vitabuni, kila aliyesoma ujenzi analijua. Ufundi huanza pale kitabu kinaponyamaza. Matofali ya Kalima huchomwa papo hapo, na kila tanuru lina kipimo chake, kwa hiyo yeye hupanga matofali kumi mstari mmoja, akayapima yote pamoja, ndipo akasema mita moja ya ukuta itameza mangapi. Anatoa milango na madirisha, halafu anaongeza yatakayovunjika njiani. Anajua udongo ukichimbwa huvimba, na kwamba mabati hulaliana, kwa hiyo paa hula mabati mengi kuliko eneo lake. Hata mbao za kuinulia simenti isiguse sakafu ya stoo anaziandika, kwa sababu katika mvua za Maniema mfuko uliolala chini hugeuka jiwe.

Na juu ya yote anaihesabu safari. Simenti ya Kalima imetembea. Imekuja kwa treni kutoka Katanga hadi Kindu, au, kabla ya 2025, ilipanda ndege kutoka Goma, kisha ikaingia barabara ambayo matope yake huamua gari lilale wapi. Anayekadiria Kalima kwa bei ya Goma amejenga nyumba isiyokuwepo. Mama huyu huwauliza madereva kabla ya kuwauliza wafanyabiashara.

Mji wenyewe uliwahi kujua thamani ya hesabu. Kampuni ya Symétain ilikuja kuchimba bati la Maniema mwaka 1932, na baada yake SOMINKI kuanzia 1976. Kampuni ilijenga nyumba, ofisi na hospitali, ikaleta umeme kutoka maporomoko ya Lutshurukuru. Ilihesabu kwa ajili ya bati, haikuhesabu kwa ajili yetu, na jasho la babu zetu halikuingizwa katika safu yoyote ipasavyo. Hata hivyo ilipima kabla ya kujenga. Oktoba 1985 bei ya bati duniani ilianguka, na miaka iliyofuata ilimaliza kilichobaki. Kampuni ya SAKIMA, iliyoundwa 1997, ilirithi mji uliochoka, kisha vita vikaja. Mashine zilipokufa tulizililia. Nidhamu ya kupima ilipoondoka, hatukuandaa hata matanga.

Yule mama aliibeba nidhamu hiyo peke yake, akiwa na mzigo mwingine ambao wanaume wenzake wa kazi hawakuujua. Sheria ya familia ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi atakayoifanya mwenyewe. Kizuizi hicho kiliondolewa Julai 2016 tu. Kwa hiyo mtu aliyeweza kukutajia mahitaji ya shule nzima, kuanzia msingi hadi kofia ya paa, hakuwa na uhuru wa kutia sahihi mkataba wa shule hiyo. Devi zake ngapi zimepita mezani kwa majina ya wanaume? Majengo yapo. Jina lake halimo katika hata jiwe moja la msingi.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2010 inamtambua mkadiriaji majenzi, ipo bodi inayomsajili, na mwanamke aliyesajiliwa hufanya kazi kwa jina lake. Siioni sababu ya Maniema kukosa heshima hiyo. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure nchini kwetu mwaka 2019, watoto wamefurika madarasani, na madarasa mapya yanahitajika kila kona. Huu ndio wakati ambao wapimaji wangekuwa wanatafutwa kwa tochi.

Badala yake naona devi ya shule ya mji mwingine ikinakiliwa, jina likibadilishwa, jumla ikiongezwa kidogo. Naona vijana waliosoma vizuri wakikadiria jengo kwa simu, bila kukanyaga kiwanja. Naona kamati zinazofungua ukurasa wa mwisho, zikasoma tarakimu ya chini, zikaweka karatasi pembeni. Haraka tunaiita maendeleo. Baadaye fedha huishia kwenye renta, mvua huzinyeshea kuta zisizo na paa, matofali yasiyoiva humomonyoka, na wazazi huitwa tena mkutanoni kuchangia kitu walichokwisha kukichangia.

Mama amezeeka, miguu haimfikishi tena kwenye viwanja vya mbali. Wanaomjia humuuliza jumla. Sijasikia kijana akimwomba amfundishe namna ya kuifikia, wala shule ya ufundi ikimwalika aketi na wanafunzi hata kwa juma moja. Tutamzika kwa sifa nyingi, tukisema alikuwa mama mwema. Hakuna atakayesema kwamba pamoja naye tumezika uwezo wetu wa kujua, kabla ya tofali la kwanza, kama tunacho cha kumalizia. Uwezo huo tulikuwa nao hapa Kalima, mikononi mwa mwanamke mmoja, na haukutugharimu chochote isipokuwa subira ya kumsikiliza.